Jina Kwenye Jalada

Haya yalimpata kaka yangu Jarkko. Nilikuwepo, kwa sababu mwaka ule niliacha shule nimuuguze mama.

Jumamosi moja ya Juni tulikwenda soko la mtaani kwetu, Tammela, kula soseji nyeusi za damu, kama kawaida yetu. Kwenye meza za mitumba bibi mmoja alikuwa na sanduku la santuri za muziki wa panki, zile kali za kupayuka za miaka ya themanini. Pembeni mwa kila jalada paliandikwa kwa kalamu: Raimo.

"Za mwanangu," alisema. "Alikufa. Nunua, ila jina lake usiliguse."

"Jina linaharibu jalada, bibi," Jarkko alisema.

"Basi tia mikono mfukoni upite."

Jarkko alikuwa ameshaiona moja adimu. Aliitoa kwenye jalada, akaiinamisha kwenye mwanga kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye santuri yenyewe, karibu na lebo ya katikati. Wakusanyaji hawanunui kabla ya kuyasoma, maana ndiyo huonyesha toleo halisi. Palikuwa na namba nne tu. Akalipa.

Nyumbani alichukua pamba na spiriti.

"Yule bibi alikukataza," nikamwambia.

"Kaoshe vyombo, Tuuli. Maiti hasikilizi muziki."

Alisugua mpaka jina likatoweka. Kisha akaipiga santuri. Kati ya wimbo na wimbo alisikika mtu akihema.

Upande ulipokwisha, aliiinamisha tena kwenye mwanga. Baada ya zile namba nne palikuwa na herufi. J.

"Sokoni haikuwepo," alinong'ona.

Mtu mwingine angeirudisha. Yeye akaipiga tena, ahakikishe. Ikaja A.

Mlangoni mwa chumba cha Jarkko, marehemu baba alikuwa amebandika kwa gundi herufi za mbao za jina la mwanawe. Jioni ile mbili za mwanzo hazikuwepo. Ilibaki gundi kavu.

Jumapili aliipiga mara tatu. Nilimsihi. Akanisukuma nje. Wakati wa chakula mama alimtazama kwa chuki, kama anavyotazamwa mwizi.

"Huyu ameingiaje humu?" akaniuliza.

Jarkko aliweka kijiko chini. Mlangoni ilibaki O peke yake.

Alikimbilia kalamu, akajaribu kuliandika jina la Raimo pale alipolifuta. Wino uliteleza kama maji kwenye mafuta.

"Andika wewe," alisema. "Upesi, mdogo wangu. Kalamu nyingine."

Nilikwenda jikoni. Hatua sita. Nyuma yangu muziki ukaanza.

Niliporudi, kiti chake kilikuwa kitupu, bado kina joto. Santuri ilikuwa inazunguka, sindano imefika mwisho. Sasa walisikika watu wawili wakihema ndani yake.

"Jarkko!"

"Unamwita nani?" mama aliuliza. "Mimi nilizaa mtoto mmoja."

Pembeni mwa jalada paliandikwa Jarkko, kwa mwandiko wake mwenyewe. Niligusa. Wino ulikuwa mbichi.

Ni mwaka wa tatu sasa, na wino bado haujakauka. Jalada hilo silipangusi hata vumbi.