Lango Kabla ya Paa

Asubuhi ile mafundi walikuwa wakinywa uji wa mchele kando ya zahanati mpya waliyokuwa wakiijenga. Crisanto, msimamizi wao, alikuwa na furaha tele. "Wiki kumi, peso milioni moja," alisema. "Leo wiki ya tano, tumetumia laki tano. Tuko nusu!"

Mkewe, Nenita, hakucheka. Binti yao Ligaya alikuwa mjamzito, naye angejifungua mwezi wa mafuriko. Mwaka jana mwanamke mmoja mwenye uchungu wa uzazi alifia mtumbwini akivushwa mto kwenda hospitali. Zahanati ikichelewa, Ligaya naye angepanda mtumbwi huo.

"Nusu ya nini, kaka Crisanto?" aliuliza jirani yao Perla. Miaka ishirini alitunza mipango ya kazi katika kiwanda cha kuunda meli. "Nionyeshe paa."

"Paa bado, dada. Lakini tazama lango!"

Lango lilipendeza kweli. Majina ya ndugu zetu walioko ng'ambo, waliotuma mchango, yaliandikwa kwa rangi ya dhahabu. Sisi bwana, jina likionekana barabarani roho hutulia, hata kama nyumba haina kuta.

Perla alichora mistari mitatu mchangani.

"Huu wa kwanza ni kazi tuliyopanga iwe imekwisha leo: ya laki tano. Wa pili, fedha iliyotoka: laki tano pia. Hapo ndipo mnapojidanganya. Wa tatu ni kazi iliyokwisha kweli, kwa bei tuliyoipangia. Msingi?"

"Wa laki mbili. Umekwisha."

"Kuta?"

"Za laki mbili. Zimefika nusu."

"Basi andika laki moja. Lango?"

Crisanto alikuna kichwa. "Halimo kwenye mpango."

"Sufuri! Jumla laki tatu. Kila peso mia mnazotoa zinaleta kazi ya sitini. Na kwa wiki tano mmefanya kazi ya wiki tatu. Mkienda hivi, fedha itakwisha kabla ya paa."

"Kwa hiyo Ligaya azalie langoni?" Nenita alifoka. "Utamshikia mwavuli, mume wangu?"

Aibu ilimshika Crisanto, lakini hakuwa mtu wa kununa. Siku hiyohiyo alisimamisha kazi ya lango, akarudisha dukani vigae vya kulipamba, akarejeshewa fedha. Kijiji kizima kilijitolea kubeba mchanga na mawe. Kila Jumamosi alisoma hesabu zote tatu mbele ya watu, bila kuficha. Wiki ya nane, kazi iliyokwisha ilikuwa ya laki saba, na fedha iliyotoka laki saba. Tulikuwa nyuma kwa wiki moja tu. Tulipiga makofi hadi viganja vikauma! Wiki ya kumi na moja zahanati ilikamilika, paa na vitanda vyake.

Wiki iliyofuata mto ulifurika. Ligaya alijifungua mtoto wa kike ndani ya zahanati, mvua ikipiga mabati.

Crisanto alitoka barazani machozi yakimtiririka. Aliunyooshea mto kidole.

"Pita zako! Mwaka huu hupati mtu kwetu!"