Kidole Juu ya Sanduku Lililofungwa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule ya masista, Pulchérie aliteka maji ziwani, akafagia kiwanja, kisha akamtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi hodari wa nguo pale mjini Baraka, ila alishona kwa mkono tu. Miguu yake ilikuwa imelemaa tangu utotoni, na alitembea kwa magongo mawili. Masista walikuwa wamemwahidi kazi ya kushona sare za wanafunzi, mradi apate mashini ya kushonea kabla ya Pasaka. Alikuwa amedarizi mashuka ya watu kwa miaka miwili, mpaka akaweza kuagiza mashini ya mkono, ya kuzungusha mpini, kwenye duka la Mzee Kassimu.

Ijumaa moja sanduku lake lilishushwa kutoka kwenye mashua iliyotoka mji wa Albertville. Anatole, karani wa duka, alilileta kwa mkokoteni, akatoa karatasi ya kupokelea mzigo, ya Kifaransa, na kidau cha wino. Mama hakujua kusoma. Alimwita binti yake, ambaye alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba Kifaransa kwake ni maji.

"Soma kwanza, mutoto yangu."

Lakini Pulchérie alikuwa na hamu ya kuiona mashini. "Weka tu kidole, mama. Ni kitu yetu," alisema, bila hata kuitupia karatasi jicho. Mama akaweka kidole, akasema aksanti, na Anatole akaenda zake.

Walipong'oa misumari, walikuta mashini ya kukanyaga kwa miguu. Mama aliketi mbele yake, akajaribu, na kile kikanyagio cha chuma hakikutikisika. Hakugomba. Alichukua tena sindano yake ya mkono, na hilo lilimuuma Pulchérie kuliko fimbo.

Jirani mmoja aliwashauri wafunge midomo, maana mashini ya miguu ni ya thamani zaidi, wakaiuze kule Kilembwe. Mama alikataa. Kitu ambacho hakukiagiza hakikuwa chake, alisema, naye alitaka kilicho chake.

Kesho yake walikwenda dukani, polepole, kwa mwendo wa magongo.

"Mama, ulishaweka kidole, na ulisema aksanti," Anatole aliwaambia. "Mambo imeisha."

Mama alianza kugeuka. Pulchérie aliona aibu, kwa sababu alijua kosa ni la nani. Aliomba kuziona karatasi zao. Anatole alisita, lakini Mzee Kassimu, aliyekuwa akipima chumvi, alimwamuru ampe.

Karatasi ya kuagizia ilisema *machine à main*. *Main* ni mkono. Walikuwa wamelijifunza shuleni, siku ya viungo vya mwili. Ile ya kupokelea ilimtoa jasho: *caisse fermée*. *Caisse* ni sanduku. Na *fermée*? Akamkumbuka sista, ambaye kila asubuhi huwaambia wafunge mlango: *fermez la porte*.

"Muzee," alisema, "hapa banaandika sanduku yenye kufungwa. Mama aliweka kidole ju ya sanduku, hapana ju ya mashini. Na ni mi sikumusomea. Kosa ni yangu."

Mzee Kassimu alivaa miwani, akasoma, akamgeukia karani wake. Hapo ndipo Anatole alipokumbuka sanduku la pili, lililokwenda kijiji cha Lweba kwa fundi Eugène. Kumbe huko nako fundi huyo, mwenye miguu yake mizima, alikuwa akizungusha mpini wa mashini huku amenuna.

Jumatatu duka lilizibadilisha mashini kwa gharama yake, na Mzee Kassimu alikuja mwenyewe. Safari hii sanduku lilifunguliwa kwanza. Mama alizungusha mpini, na sindano ikacheza. Alicheka kwa sauti, maana Pasaka ilikuwa bado haijafika.

"Mama Pulchérie, kosa ilikuwa ya duka pia," alisema mzee. "Mununuzi iko na haki ya kupata kile aliagiza, na ya kufungua kwanza, mbele ya kuweka kidole. Na we, mutoto, masomo yako ni ya kusaidia mama, hapana ya kujisifia tu."

Anatole alitoa karatasi mpya. Mama alichovya kidole kwenye wino, lakini akakiacha hewani.

"Soma," alimwambia binti yake. "Kidole yangu haina haraka."

Pulchérie alisoma neno kwa neno, tangu juu hadi chini.