Hitilafu ya Saa Kumi

"Fundi, limegoma tena!"

Bisibisi alikuwa juu ya paa la ghala, magoti yakiungua kwa bati, simu kaibana kati ya sikio na bega. Hakuuliza ni nani. Mtu pekee aliyeweza kulalamika kwa sauti ya furaha namna ile alikuwa Daktari wa meno.

"Limegoma vipi, Daktari?"

"Nimerudi kutoka kliniki nimekuta betri iko nusu. Jua limewaka tangu asubuhi, wingu hata la dawa hakuna. Gari lina waya mdomoni, limeachama kama mgonjwa wangu, lakini halijanywa."

"Na sasa hivi?"

"Sasa hivi linachaji."

"Kwa hiyo liligoma, likatubu lenyewe?"

"Ndiyo maana nakuita. Mimi toba ya magari siijui."

Bisibisi alicheka, kisha akahesabu. Hii ilikuwa mara ya tano. Na kwenye kampuni yao, fundi akiitwa mara tano kwa hitilafu ambayo haionekani, anateremshwa paani. Anapelekwa stoo kuhesabu misumari.

Jina la Bisibisi alipewa kazini, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila bisibisi nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele. Alikuwa mwanamke pekee aliyepanda mapaa, na bosi alishamdokeza kwamba mwezi ujao angempa kikosi akiongoze. Nyumba ya Daktari aliifunga mwenyewe: paneli kumi na mbili za sola juu, waya hadi banda la gari la umeme, na ukutani kisanduku cha chaja chenye swichi kubwa ya kugeuza. Kliniki ilikuwa mwendo wa dakika saba kwa miguu, kwa hiyo gari lilishinda bandani likinywa jua, na jioni Daktari akalitumia kwa safari zake. Kazi safi kabisa. Sasa huu ugonjwa unatoka wapi?

Alipofika, mama yake Daktari alikuwa ameshafungua geti kabla hajabonyeza kengele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai iko tayari."

"Mama, ulijuaje nakuja?"

"Gari si limeharibika? Likiharibika si unakuja?"

Bisibisi alipima waya, akapima chaja, akapanda paa, akashuka. Kila kitu kilikuwa kizima kama kigongo. Daktari alimfuata nyuma na maswali yake yasiyoisha.

"Eti ni kweli paneli hazipendi joto?"

"Zinapenda mwanga. Joto likizidi zinachoka."

"Kumbe zinafanana na mimi. Nikiwa na watu wengi nachoka, nikiwa na mmoja nawaka."

"Daktari, shika tochi vizuri. Unanimulika usoni."

"Najua."

Bisibisi akageuka asionekane anavyotabasamu. Ukweli ni kwamba alikuwa anampenda huyu mtu, na alikuwa analiogopa gari lake.

Asubuhi iliyofuata bosi alimwita ofisini.

"Nyumba ya yule daktari. Mara tano, Bisibisi."

"Bosi, ile kazi haina kasoro. Naweka kichwa changu rehani."

"Kichwa chako nikiweke wapi? Nimemwomba katibu atoe kumbukumbu za chaja kwenye mtambo unaozihifadhi. Zisome mwenyewe, maana mimi nimeshangaa."

Katibu alikuwa amenakili kwa mkono, mwandiko wa kupinda: *Imezimwa kwa mkono, saa 9:30. Imezimwa kwa mkono, saa 10:04. Saa 10:11. Saa 9:58. Saa 10:07.*

Bisibisi akasoma mara mbili. Kwa mkono! Hakuna hitilafu, kuna mkono wa mtu. Na saa tisa na saa kumi ni muda ambao Daktari ameshatoka kliniki, yuko nyumbani peke yake na mama yake na lile tabasamu lake.

"Mteja anakuchezea," bosi alisema. "Lakini mimi siwezi kumwandikia mteja kwamba ni mwongo. Kwenye fomu lazima pawe na chanzo cha hitilafu. Pakibaki wazi, chanzo ni wewe. Una mpaka Jumatatu."

Bisibisi alitoka nje, akampigia Daktari hapo hapo kwenye ngazi.

"Daktari, swichi ya chaja unaizima wewe?"

Daktari akateremsha sauti kama mtu aliyeshikwa.

"Fundi… ile mara ya kwanza, ndiyo. Ulikuwa umemaliza kazi, sikuwa na sababu ya kukuita. Nikaizima. Nilikuwa nataka kukuona tu."

"Na zile nne?"

"Zile nne si mimi."

"Usinitanie!"

"Naapa. Moja ni yangu, nne sizijui."

"Unajua hiyo moja na hizo nne zimenifikisha wapi? Jumatatu naenda stoo! Miaka sita napanda mapaa, wanaume wakiniuliza nani kanishikia ngazi, leo nashushwa kwa sababu wewe ulishindwa kusema neno moja kwa mdomo! Wewe mtu wa midomo!"

Akakata. Baada ya dakika mbili ujumbe ukaingia:

*Nimekukosea na sina pa kujifichia. Kesho nakuja kumwambia bosi wako kuhusu ile moja. Lakini nne siwezi kukiri, nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Naapa kwa meno yangu yote thelathini na mbili.*

Akajibu: *Meno yako yatunze. Usinipigie.*

Alilia kidogo, akajifuta kwa glavu, akapakaa grisi shavuni. Alikasirika kwa sababu alikuwa ameshazoea kumsubiri apige.

Lakini fundi ni fundi. Hasira ilipotulia, kuna kitu kikabaki kinamwasha kama upele. Yule mtu huingia nyumbani saa tisa, na kila mara akiingia anakuta betri iko nusu. Nusu hiyo Bisibisi mwenyewe aliiona kwa macho yake kwenye kioo cha gari. Sasa kama swichi ilizimwa saa kumi jioni, umeme wa tangu asubuhi ulipotelea wapi?

Akarudi ndani kwa katibu.

"Dada, hizi saa ulizinakili wapi?"

"Si kwenye mtambo? Imeandikwa 10:04, nikaandika 10:04."

"Nionyeshe mchoro wa siku hiyo."

Katibu akafungua kompyuta huku akisonya. Mchoro ukatokea, mistari miwili: wa njano ni jua la paneli, wa bluu ni umeme unaoingia garini. Ilipofika 10:04 ule wa bluu ulidondoka mpaka chini, ukalala. Lakini ule wa njano uliendelea kupanda, ukapanda, mpaka kilele.

Bisibisi akauinamia mchoro mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Dada, jua la saa kumi jioni linafanyaje?"

"Linashuka, si linaelekea kuzama?"

"Hili je?"

"Hili… linapanda." Katibu akashika mdomo. "Mungu wangu. Mtambo unahesabu saa za kizungu!"

"Kumi na dakika nne ya mtambo ni saa nne na dakika nne asubuhi."

"Na mimi nikakuandikia saa kumi!"

"Na mimi mjinga nikaisoma hivyo hivyo, mimi niliyeuseti huo mtambo kwa mikono yangu!"

Alianza kucheka, katibu akadhani amechanganyikiwa. Saa nne asubuhi Daktari yuko kliniki, vidole vyote kumi vimo kinywani mwa mtu. Ile ya 9:30 ilikuwa Jumamosi, kliniki imefungwa: hiyo ndiyo yake. Nne zilizobaki hakudanganya. Sasa saa nne asubuhi, siku ya kazi, ndani ya ile nyumba anabaki nani?

Chai iko tayari, mwanangu.

"Loo!" Bisibisi alisema kwa sauti. "Loo, loo, loo!"

Kesho yake hakuhitaji kwenda kumfuata mtu. Daktari alikuja ofisini na koti lake jeupe, uso umemshuka, na nyuma yake mama yake, kavaa kanga mpya na mkoba kaushika kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukiri moja," Daktari alianza. "Mama amesema ananisindikiza tu."

"Sikusindikizi," mama alisema. "Keti." Akamgeukia bosi. "Baba, nasikia mnatafuta hitilafu."

"Ndiyo, mama."

"Hitilafu ni mimi."

Daktari aligeuka polepole. "Mama?"

"Usiniangalie hivyo, wewe ndiye uliyenifundisha. Ile Jumamosi nilikuona dirishani ukizima kile kidude, halafu unakimbilia kupiga simu kama mtoto aliyeiba sukari. Jioni binti akaja. Nikasema, kumbe dawa yenyewe ni nyepesi! Basi wewe ukienda kazini, mimi saa nne nazima, saa nane nawasha. Watu husema mtoto humwiga mzazi. Haya, leo mzazi kamwiga mtoto."

Bosi alijikohoza ili asicheke. Bisibisi hakucheka.

"Mama, mimi nilikuwa nashushwa kazi."

Yule mama akauweka mkoba mezani.

"Hilo sikulijua, mwanangu. Nimelisikia jana, huyu aliponieleza analia, na usingizi ukanipaa. Nisamehe. Tangu baba yake afariki, nyumba ile ilikuwa ya vijiko tu. Kijiko chake, kijiko changu, basi. Siku uliyokuja kufunga zile paneli nikasikia mtu anacheka bandani. Nikadhani ni redio. Kumbe ni mwanangu. Nikawa natamani kuisikia tena hiyo redio."

Bisibisi akainama akamshika mikono. Akabaki anaipapasa tu.

Bosi alichukua fomu, akafika kwenye nafasi ya chanzo cha hitilafu, akafikiri, akaandika kwa herufi kubwa: MAMA MWENYE NYUMBA. Akagonga muhuri.

"Kikosi utakichukua Jumatatu," alimwambia Bisibisi. "Na wewe Daktari, ukitaka kumwona fundi wangu, usiniharibie mitambo."

Nje kwenye ngazi, pale pale Bisibisi alipomkatia simu, Daktari alisimama mbele yake kama mgonjwa anayesubiri sindano.

"Naogopa kukwambia kitu."

"Sema. Swichi hazisemi, Daktari. Mdomo ndio unasema."

"Nakupenda. Naomba uje nyumbani kesho. Hakuna kilichoharibika."

Bisibisi alichomoa bisibisi kwenye nywele, akaigeuzageuza kiganjani.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ipi?"

"Ile jua linaposhuka."

"Nitakuja," alisema. "Chai mama asiipike mapema."

Miezi minane baadaye kadi za harusi zilipelekwa kwa katibu azichape. Bisibisi alisimama nyuma ya kiti chake mpaka mstari wa mwisho, akimsomea neno kwa neno: saa kumi jioni, jua likishuka.