Kokoko Mahali Pasipo Mlango

Mara ya kwanza Naomie alipoukung'uta mkoba wake wa mgongoni na mchanga ukamwagika uani, hakushangaa. Assumani alikuwa ameuazima kwenda nao mtoni, na mtu akienda mchangani hurudi na mchanga. Mara ya pili alikasirika. Mara ya tatu, mkoba ukiwa umefuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kutwa nzima, aliingiza mkono akatoa konzi ya mchanga mweupe, mbichi, wenye harufu ya samaki. Jumatatu ilikuwa inaisha, na likizo yake ilikuwa wiki moja tu.

Naomie alifundisha jiografia katika shule moja ya Kabondo, mtaa wa Kisangani. Kila mwaka aliwachorea wanafunzi majangwa na pwani ubaoni, na yeye mwenyewe hajawahi kuona hata kimoja. Starehe yake ilikuwa kutembea kwa miguu siku nne tano na mzigo mgongoni, jambo ambalo majirani walishindwa kulielewa: mtu anabeba mzigo, anakwenda mbali, na hana kitu cha kuuza? Mwaka juzi alichagua barabara ya Bengamisa, mvua ikamkuta, kiatu chake kimoja kiko matopeni mpaka leo. Mwaka jana, kwa ubishi, akachagua barabara ileile, na matope yakamrudisha siku ya pili. Mwaka huu aliapa kwamba hatakanyaga tope. Februari maji ya Mto Kongo hupungua, na njiani kuelekea Yangambi mafungu ya mchanga hujitokeza, safi, makavu, mtu akatembea humo kama yuko nchi nyingine. Hilo lingekuwa jangwa lake na pwani yake kwa pamoja.

Assumani, mwalimu wa hesabu ambaye wangesafiri naye, alikuwa amejitolea kutangulia kukagua. Alirudi Jumapili, akarudisha mkoba, akasema tu kwamba heri waende Bengamisa. Hakueleza kwa nini. Naomie alimwona mwoga wa jua, akaudhika naye kabisa.

Jumanne saa saba mchana alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo, jasho likimtiririka, akili yote iko kwenye siku zake zinazoliwa bure. Akasikia mtu anabisha kwa mdomo, kama watu wa Kisangani wanavyobisha.

"Kokoko."

Alidhani ni jirani amefuata kinu chake. "Ingia," akajibu bila kuinua kichwa. Hakuingia mtu.

"Kokoko."

"Nimesema ingia. Unataka nikubebe?"

Alipotoka hakukuta mtu, ila mkoba, aliouacha kwenye kamba ya nguo, ulikuwa umekaa wima kwenye kiti cha sebuleni. Alidhani mama yake ameuanua. Jioni sombe ikawa na mchanga, na Mama Berthe, ambaye hakuwahi kulalamikia chakula cha binti yake, alitema tonge akanywa maji, kisha akaanza kukohoa.

Jumatano kikohozi kilikuwa kimegeuka kitu kingine. Naomie aliingia chumbani na chai akamkuta mama yake ameketi kitandani, mkono umefunika mdomo, na kati ya vidole mchanga unachuruzika, mweupe, mbichi, ukianguka kwenye shuka kidogo kidogo bila kukoma, na alipotazama chini akaona nyayo za maji zilizotoka kwenye kile kiti cha sebuleni, zikavuka mlango wa chumba, zikafika hadi kwenye mto wa kulalia, nyayo nyembamba ndefu kupita za mtu yeyote aliyemjua, na ingawa aliangalia mara mbili, mara tatu, akiwa bado ameshika kikombe kinachomuunguza, hakuona zozote zilizogeuka kurudi. Aliogopa. Aliogopa hasa kwa ajili ya mama yake, maana hakuwa na mtu mwingine duniani.

Alimwita Assumani. Alikuja, akaona ule mchanga, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Nilikuwa ndani ya hema, mchana, jua kali," alisema polepole. "Nikasikia kokoko. Nikasema ingia. Njo vile tunajibuka siku zote, si ndiyo? Alors nikakumbuka, hema haina mlango. Nikafungua zipu. Mchanga ilikuwa safi, hata alama ya muguu haiko."

Mama Berthe alikuwa mzaliwa wa Isangi, mtoto wa wavuvi. Alifuta mdomo kwanza.

"Mahali haina mlango, mwenye kubisha haiko mutu," alimwambia Assumani. "Siye batu ya mto tunaulizaka kwanza: weye nani? Mutu atataja jina yake. Ile ingine haina jina, itaenda. Weye uliikaribisha, mwana yangu."

Assumani akasema ana mjomba, tonton Djuma, mwalimu wa Kurani kutoka Maniema, anayejua mambo hayo. Naomie alisita, akifikiria watakachosema kanisani. Mama yake akamwambia jini halikumuuliza kadi ya ubatizo.

Mwalimu Djuma alikuja na ubani na sauti ndogo. Alisoma juu ya bakuli la maji, akamnywesha Mama Berthe, na baada ya nusu saa mchanga ukakoma. Kisha akaeleza. Mwenye kufungua kwa mdomo ndiye hufunga kwa mdomo. Assumani aurudishe mkoba palepale mchangani, aseme "toka", auzike, asigeuke. Ni kazi ya siku mbili. Lakini kama kuna mtu aliitika hapa nyumbani, basi si mkoba tena uliofunguliwa, ni nyumba, na nyumba husomewa siku saba, wenyewe wakiwa ndani, bila kutoka hata mmoja.

Akawatazama. "Hapa nyumbani kuna mutu alisema ingia?"

Naomie alikumbuka kinu na sombe. Alikumbuka pia kwamba leo ni Jumatano, kwamba siku saba zingemaliza likizo na kuvuka, na kwamba huu ungekuwa mwaka wa tatu. Mtu akisema ingia jikoni mwake, kwa jirani, hilo nalo ni dhambi? Tena mama yake alikuwa anapumua vizuri.

"Hapana, tonton," alisema.

Alhamisi Mama Berthe alipelekwa kwa rafiki yake Chantal, nyumba ikafungwa, na walimu wawili wakapanda mtumbwi. Mkoba ulikuwa mkavu njia nzima, na mwepesi, mwepesi mno, lakini Naomie alijiambia ni kwa sababu ya dua. Kwenye fungu la mchanga Assumani alisema "toka" kwa sauti iliyokatika, akauzika, wakaondoka bila kugeuka. Kisha, kwa kuwa mtumbwi wao ungerudi Jumamosi, walitembea. Mchanga ulikuwa kama alivyouota, mweupe mpaka macho yanauma, na hakuna tope hata la kupaka ukucha. Alifurahi, na akaionea haya furaha hiyo. Waliporudi asubuhi kwa njia ileile, nyayo zilikuwa za watu wawili tu, zake na za Assumani, na alizitazama muda mrefu bila kujua kinachomsumbua.

Alasiri hiyohiyo, kabla ya kufika nyumbani, alimchukua mama yake kwa Chantal. Mama Berthe alikuwa mzima, amenenepa kidogo hata, akimtania binti yake kwamba sasa ameiva kwa jua kama mkaa. Walifika mlangoni. Naomie akatoa ufunguo. Mama yake alikuwa na desturi yake ya miaka yote: hata nyumba ikiwa tupu hubisha kabla ya kuingia, maana kuingia bila kubisha, alisema, ni kuingia kama panya.

"Kokoko," Mama Berthe alisema.

Ndani kulikuwa na sauti ya mchi, mtu anatwanga, taratibu, na waliisikia wote wawili kabla ya kuelewa kwamba wanaisikia, na harufu ya samaki ikatoka chini ya mlango pamoja na kamba nyembamba ya mchanga mbichi iliyojikunja kwenye vidole vyao vya miguu, kisha mchi ukasimama, na sauti iliyouliza ilikuwa ya Naomie mwenyewe, imechoka, imeudhika, sauti ya mtu anayekatizwa kazi jikoni.

"Weye nani?"

Mama Berthe alimgeukia binti yake, ambaye midomo yake ilikuwa imefungwa. Naomie alitaka kumzuia. Lakini mama alikuwa mtoto wa mto, na mtu akiulizwa hutaja jina lake.

"Ni miye, Berthe," alisema. "Niko na mutoto yangu, Naomie."

"Naomie iko humu ndani," sauti ikajibu, na mchi ukaendelea kutwanga.