Kindege cha Melimeli

Mwanaume mzima, shati limepigwa pasi, penseli nyuma ya sikio, kasimama katikati ya soko la Gisenyi anapuliza kitambaa. Sikutanii. Alikamata melimeli nyeupe kwa mikono miwili, akaibandika mdomoni, akapuliza mpaka mashavu yakamvimba, huku kiganja kikingoja pumzi upande wa pili. Akatikisa kichwa. Akavuta jora lingine, akapuliza tena. Wauza samaki waliokuwa wakipanda kutoka ziwani wakatua vikapu vyao chini ili watazame vizuri.

"Yooo! Njooni muone, huyu mutu anakula nguo!" akapiga kelele mmoja, na soko zima likacheka.

Mtu pekee ambaye hakucheka ni Saidati, binti wa mzee Muhamadi mwenye duka lile la vitambaa. Alikuwa barazani kwenye cherehani yake, amevaa kitenge cha kijani na mtandio mweusi. Mtandio huo aliuvaa mumewe alipofariki, na muda wa kuuvua ulikwisha zamani. Hakuuvua kwa sababu hakuna aliyemwambia auvue.

"Unatafuta nini, fundi?" akauliza bila kuinua macho.

"Kitambaa mwepesi. Yenye haipitishe upepo sana."

"Ya kushona nini?"

"Mabawa."

"Ya nani?"

"Ya ndege. Kindege. Kadogo hivi, mikono miwili tu." Akanyoosha mikono kuonyesha.

"Chukua ile jora ya tatu. Hiyo haipitishe."

Akaipuliza. Kweli, haikupitisha. "Sasa wewe haunicheki? Hauniulize kama niko mwendawazimu?"

"Uko mwendawazimu?"

"Kidogo."

"Ni sawa," alisema Saidati, akaendelea kukanyaga cherehani.

Basi ndipo hapo fundi huyo, Ndayisaba, aliponasa. Na mimi nasema, mwanamke anayekuangalia kama vile anavyoangalia ukuta, mkimbie! Lakini wanaume hawasikii.

Huyu Ndayisaba alizaliwa hapohapo Gisenyi, mtaa wa Waswahili, mtoto wa mpishi. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nyumba: bati linalovuja, bawaba iliyong'oka, bomba linalolia usiku kucha katika majumba ya kando ya ziwa. Lakini ukimuuliza anafanya nini duniani, angekuambia anatengeneza vindege. Alianza alipokuwa akitengeneza dari la karani mmoja Mbelgiji, akaona kimoja kinaning'inia pale, akaomba kukishika, na tangu siku hiyo akili yake haikurudi. Vyake alivichonga kwa mti wa umuko, kwa kuwa ni mwepesi, na nguvu ya kuzungusha panga la puani aliitoa kwenye mipira ya ndani ya baiskeli, iliyokatwa nyuzi nyuzi na kusokotwa. Kila Jumapili yeye na rafiki yake Twagirimana, dereva wa motaboti, walikwenda uwanja wa ndege wakati hakuna ndege ya kweli, wakarusha vyao mpaka njaa iwarudishe.

Na Saidati? Mumewe Idi alikuwa dereva wa lori. Lilipinduka kwenye kona za njia ya Ruhengeri, miaka miwili kabla ya hapo. Alilia wiki za kwanza kama kila mtu, halafu kilio kikakata, na kilipokata kilikwenda na vitu vyote. Chakula kikawa chakula tu. Mvua ikawa mvua. Hakuwa na huzuni, hakuwa na furaha, moyo ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Watu walimsifu kwa subira yake. Subira gani? Ukimwambia twende harusini, "ni sawa." Ukimwambia harusi imevunjika, "ni sawa."

Ndayisaba alirudi kesho yake kununua uzi. Akarudi kununua kifungo kimoja. Mzee Muhamadi akamuuliza kama hizo ngazi alizobeba ni za kufungia vifungo. Akajibu kwamba ameona bati la duka limeoza upande wa nyuma. Akapewa kazi, na kwa siku kadhaa Gisenyi ikasikia mapenzi yakipigwa nyundo juu ya paa.

"Saidati! Sheri! Maji inakuangukiaka pale kwa mashini?"

"Kidogo."

"Na hauhame?"

"Inakauka yenyewe."

"Ayi, mama wee! Bon, sasa haitakuangukia tena. Nimeweka bati mupya, na misumari nimechovya kwa lami. Ukinipa chai, naongeza na huruma juu."

Alimpelekea chai. Akasimama chini ya ngazi na kikombe, uso umetulia, kitenge kimepeperushwa na upepo wa ziwa, na Ndayisaba kule juu akaona hawezi tena kungoja.

"Saidati, mi nakupenda. Nataka nikuoe. Unasemaje?"

"Ni sawa."

Nusura aporomoke na bati lake. Alishuka akiimba, akaacha nyundo juu ya paa, na jioni hiyo alimkumbatia Twagirimana mpaka mwenzake akadhani amelewa.

Maskini, hakujua. Wiki hiyohiyo Saidati aliitwa dukani kwa jirani, kwenye simu. Shangazi yake Nyirasafari, mwanamke mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, alimsukuma mbele ya chombo na kusimama nyuma yake.

"Allo? Allo! Saidati? Ni mi Asumani, mwenye kahawa, hapa Bukavu."

"Ndiyo."

"Uko muzima?"

"Ndiyo."

"Shangazi yako alinieleza mambo yako. Mi ni mutu mukubwa, sitaki michezo. Nataka kutuma wazee kwenu Ijumaa ya wiki yenye inakuja. Unasemaje?"

Waya ulikoroma. Saidati alikuwa akitazama nzi kwenye kioo cha duka. "Ni sawa," akasema.

Wanaume wawili, jibu moja. Msimwite mjanja; mjanja angekuwa na jambo analolitaka. Yeye alikwenda nyumbani, akachambua mchele, wala hakuona kwamba kuna kitu cha kueleza mtu.

Jumapili iliyotangulia Ijumaa hiyo, watu wa Goma walikuwa wanavuka mpaka na vindege vyao kushindana. Ndayisaba alijenga kipya, kirefu kuliko vyote, akamletea Saidati melimeli na vipimo vya mabawa. "Shona weye. Nataka iruke na mukono yako."

Saidati akafanya kazi kama baba yake alivyomfunza. Kitambaa, kabla ya mkasi, kinafuliwa. Kinaanikwa. Kinapigwa pasi. Fundi asiyefua kwanza atashona gauni zuri Jumatatu, na Ijumaa mteja atarudi nalo limejikunja mpaka juu ya magoti, atukane barazani mbele ya watu. Akaifua ile melimeli kwa sabuni, akaikausha, akainyoosha, akashona mshono mwembamba ambao hata mimi ningeutafuta kwa miwani. Akaipeleka Jumamosi alasiri.

Ndayisaba alivalisha mabawa kitambaa hicho, akagandisha kingo kwa gundi, akanyunyiza maji, akapaka uji mwembamba wa muhogo, akaacha yakauke. Asubuhi kitambaa kilikuwa kimelegea kama shavu la bibi. Akanyunyiza tena. Kikalegea tena. Watu wa Goma walishafika, Twagirimana alishaita mara tatu, basi akakibeba vivyo hivyo.

Uwanja ulijaa: wanawake wa Rugerero na vikapu vyao, masista, watu wa motaboti kwa kofia za Jumapili. Kindege cha kwanza cha Goma kilizunguka juu ya nyasi kama mwewe, kikatua taratibu. Kikafuata cha Ndayisaba. Kilipanda kidogo, bawa moja likajaa upepo na kupiga kofi, kikageuka tumbo juu, kikachoma pua ardhini. Mti wa umuko ulivunjika, watu wakacheka mpaka wakashikana.

Hapohapo, bangili zikilia, Nyirasafari alikuwa akiwaambia wanawake wenzake: "Ijumaa mukuje nyumbani! Saidati anaolewa Bukavu, bwana wa kahawa, nyumba ya orofa!"

Ndayisaba alisikia kila neno, vipande mkononi.

"Unaona?" Twagirimana akasema polepole. "Ile ilikuwa kazi ya mutu mwenye hakutaki, ndugu."

Ndayisaba alikwenda moja kwa moja barazani kwa mzee Muhamadi, nyasi zimeng'ang'ania suruali, akatupa bawa juu ya cherehani.

"Ungeniambia tu hapana! Nilikuwa nitaenda zangu. Juu ya nini ulinikubalia, na kule Bukavu ukakubali pia?"

"Waliniuliza," Saidati akasema.

"Na kindege? Nacho kilikukosea nini? Ulishona ovyo makusudi, ili watu wanicheke!"

"Sikushona ovyo."

"Ulishona ovyo, Saidati! Bora ungeniachia kitambaa yangu." Akaondoka. Wala hakuchukua bawa.

Saidati alikaa. Akashika kazi aliyokuwa nayo, akashona tundu la kifungo, likapinda. Akalifumua. La pili likapinda. Masikio yalikuwa ya moto, akadhani ni homa, akajigusa paji la uso. Haikuwa homa. *Ovyo?* Akalichukua lile bawa, akafuata mshono kwa ukucha kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna uzi uliotoka. Hakuna! "Ovyo mimi?" akasema kwa sauti, baba yake akageuka kutoka ndani.

"Unaongea na nani?"

"Na mpumbavu mmoja, baba."

Jioni hiyo Saidati alikula ugali wote, akasema samaki amezidi chumvi. Hakuwa amesema neno juu ya chumvi tangu matanga.

Ijumaa, baada ya swala, wazee wa Asumani wakafika kwa kanzu safi na kofia za darizi. Wali ulinukia mpaka barabarani. Nyirasafari alimvika Saidati gauni la waridi, akamvua ule mtandio mweusi kwa mkono wake mwenyewe, akamkalisha nyuma ya pazia.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu wa mtaa ule analijua. Msichana anayeolewa mara ya kwanza akiulizwa, akanyamaza, amekubali. Saidati alipoozwa Idi alinyamaza, na ndoa ikafungwa juu ya ukimya wake. Lakini mjane hanyamazi. Mjane lazima aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, wazee wasikie, ama hakuna ndoa.

"Saidati binti Muhamadi," shehe wa mtaa akauliza, "wazee hawa wameleta posa ya Asumani wa Bukavu. Umeridhia?"

Ilikuwa tayari kwenye ulimi, ile *ni sawa* yake, imekaa pale kama kawaida. Akafungua mdomo. Na humo kifuani, mahali ambapo kwa miaka miwili hapakuwa na kitu, akakuta lile neno *ovyo* bado linamchoma, na nyuma ya neno uso wa mtu mwenye nyasi kwenye suruali. Akaona ajabu. Ikiwa ninaweza kumkasirikia mtu namna hii, alifikiri, basi siwezi kwenda Bukavu.

Shangazi akamfinya paja. "Jibu, shenge, mwanangu."

"Hapana," Saidati akasema.

"Hajasikia vizuri!" Nyirasafari akaropoka.

"Nimesikia. Hapana. Wazee, munisamehe. Nilimukubalia kwa simu, lakini mi nilikuwa nakubalia kila mutu. Sitaki."

Mzee Muhamadi akainamisha kichwa, na waliokaa karibu naye wanasema alikuwa anaficha tabasamu. Shehe akasema, "Amejibu," na wali ukaliwa, kwa sababu wali haukuwa na kosa.

Ndayisaba alikuwa kwenye nyumba moja kando ya ziwa, amepiga magoti mbele ya mlango, anabadilisha bawaba. Akaona gauni la waridi linashuka njia ya mchanga kwa kasi, bawa la melimeli limekamatwa kama fimbo.

"Nani alishona ovyo?"

"Saidati..."

"Angalia hii mushono! Angalia! Onyesha mahali pa ovyo!"

Aliangalia. Alipitisha kidole. "Mushono iko muzuri," akakiri. "Ni kitambaa kililegea. Nilimwagia maji, kikakataa kujikaza."

"Kijikaze namna gani? Nilikifua!"

"Ulifanya nini?"

"Nilikifua, nikapiga pasi! Nguo yote tunafua kwanza, ili isijikunje kwa mwili ya mutu. Mutoto yoyote wa fundi anajua!"

Ndayisaba alikaa chini kabisa, kwenye kizingiti. "Yesu na Maria," akasema, yeye mtoto wa Kiislamu. "Kindege hakitaki vile. Kinataka kitambaa kibichi, chenye hakijaona maji. Unakivalisha, unanyunyiza, kinajikunja chenyewe, kinakaza kama ngoma. Mi ndiye sikukuambia. Nilifikiri kila mutu anajua."

"Kila mutu! Watu wawili na mwendawazimu mumoja wa Goma!"

Ndayisaba akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Saidati, akaacha. "Na wale wazee? Leo si ni Ijumaa?"

"Niliwaambia hapana."

"Na mi uliniambia ni sawa."

"Ile haikuwa jibu. Hata mvua niliambia vile." Saidati aliketi kizingitini pembeni yake, gauni likagusa vumbi la mbao. "Sitakudanganya, Ndayisaba. Sijui kama nakupenda. Ndani bado pamekufa ganzi, sehemu kubwa. Lakini uliposema nimeshona ovyo, iliniuma. Inaniuma tangu Jumapili, na kila inapouma naona sura yako. Simutaki mutu mwingine. Hiyo najua."

Ndayisaba akaweka bisibisi chini. "Nilikukosea sana. Unisamehe, sheri, mi..."

Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Kesho," Saidati akasema. "Utaniomba musamaha kesho. Leo acha iniume."