Kuvuta Mara Mbili

Siku yenyewe ilianza vizuri, hilo mlijue kwanza. Jua liliwaka Kasongo nzima, pikipiki za taxi zilipiga honi upande wa soko, na mama Rosine, jirani yetu, alikuwa nyuma ya nyumba yake akitwanga sombe, majani ya muhogo. Fundi Ayoubu akafika na pano ya umeme wa jua imefungwa kwa mpira kwenye pikipiki. Pano ilitumwa kutoka Kindu na Grâce, mtoto wa pekee wa Rosine, pamoja na maneno makavu ya simu: "Mama, kama ile nyumba haipati mwanga, nakuja kukuchukua. Siwezi kulala nikijua uko peke yako mu giza."

Kwenda Kindu ilikuwa ndiyo kupoteza nyumba. Siku Rosine angefunga mlango, mashemeji zake wa Lusangi wangeufungua kesho yake na kuingiza magodoro yao. Walikuwa wakiitaka tangu mazishi. Kwa hiyo taa ilikuwa lazima iwake.

Nyumba ilijengwa na marehemu mume wake, Grégoire. Mtu wa ajabu yule! Mtaa mzima hauna hata nguzo moja ya umeme, yeye akalaza tiyo, mabomba ya kupitishia waya, ndani ya kuta kabla ya kupiga lipu. Tulimcheka sana. Alisema umeme utakuja tu, naye hatakubali mtu abomoe kuta zake. Siku zile za ujenzi alipitisha uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Nyangwe, ndani ya kila tiyo kuona kama haijaziba. Yeye sebuleni, mke wake chumbani. Kwa kuwa kelele za mafundi zilizidi, walizungumza kwa uzi. Kuvuta mara moja: ngoja. Mara mbili: niko tayari, lete. Rosine alikuwa akicheka peke yake chumbani, ameshika uzi.

Umeme haukuja. Homa ndiyo ilikuja, ikamchukua Grégoire.

Sasa, katika ukoo wao mjane hufungwa uzi mweusi mkononi, na wa kuukata ni ndugu wa mume, siku ya kuondoa matanga. Asipokatiwa, bado ni mke wa yule aliye chini. Mashemeji hawakuja. Waliona wakimkatia atakuwa huru na nyumba yake. Rosine alingoja, mvua zikaja zikaisha, mpaka siku moja akachoka, akaukata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Hakujua pa kuutupa. Akausukuma ndani ya tundu la tiyo chumbani, akaliziba kwa simenti. Siku zile hakumwambia mtu; mimi alinieleza baadaye sana. Angemwambia nani? Hata sisi majirani tulikuwa tunapita tu, "Jambo mama," basi.

Ayoubu alitaka kupitisha waya juu ya ukuta. Rosine akakataa.

"Baba Grâce alitengeneza njia. Pitisha mule mule."

Fundi akachukua nyundo na burini, patasi yake ya chuma, akafungua simenti ya chumbani. Rosine alisimama nyuma yake. Alichungulia ndani ya tundu. Uzi mweusi haukuwepo. Akajiambia panya wamebeba. Panya hubeba kila kitu, si ndiyo?

"Mama, baki hapa," Ayoubu akasema. "Mimi nasukuma uzi wa nailoni toka sebuleni. Ukiuona, kamata."

Lakini sombe aliyokuwa ameibandika ilianza kunuka kuungua. Rosine akakimbia jikoni, kule nje, mara moja tu. Alikuwa ameshika mwiko aliposikia sauti ya fundi ikitoka dirishani, yenye furaha kabisa.

"Hapo hapo, mama! Asante! Sasa vuta polepole!"

Mwiko ukamdondoka.

Aliingia kwa mlango wa mbele. Ayoubu alikuwa amepiga magoti sebuleni, uzi unateleza kati ya vidole vyake na kuingia ukutani. Unaingia. Unaingia. Alipoinua macho na kumwona Rosine mlangoni, akageuka kutazama upande wa chumbani.

"Mama Grâce," akanong'ona. "Nani iko chumbani?"

"Hakuna mutu."

"Amenivuta. Mara mbili."

Akauachia uzi. Uzi ukasimama. Akaenda chumbani mbio, akarudi mbio. Kule tundu lilikuwa tupu, hakuna uzi uliotokea. Kijana wa watu hakusubiri zaidi. Alisema anaenda kutafuta tiyo nyingine, akaacha vyombo vyake chini, hata nyundo. Pikipiki ikalia, ikapotea.

Nyumba ikanyamaza. Rosine aliogopa, jamani. Angeweza kukimbilia kwetu. Lakini akilini alimwona Grâce akimbeba kwenda Kindu, akaona magodoro ya Lusangi. Na tena, niseme ukweli wote: tangu matanga, hakuna mtu aliyekuwa amemwita ndani ya nyumba ile. Huyu alikuwa anaita.

Akaketi chini. Akashika uzi.

"Grégoire?"

Uzi haukusogea.

"Walikataa kuja kunikatia uzi. Nilingoja sana, nikaukata mwenyewe. Nisamehe."

Uzi ukavutwa. Mara mbili. Polepole, vile vile.

Machozi yakamtoka. Akaufunga waya wa umeme kwenye ncha ya uzi, akausukuma kwenye tundu. Waya ukaondoka. Ulivutwa vizuri, bila kukwama, na mtu anayejua kazi. Ulipotulia akaenda chumbani. Waya ulikuwa umetokea pale tunduni, umenyooka. Uzi wa nailoni haukuwepo. Nchani, pale ulipokuwa umefungwa, kulikuwa na uzi mweusi.

Akaufungua, akauchoma kwenye mbabula, jiko lake la makaa, kule jikoni mpaka ukawa majivu.

Ayoubu alirudi kesho yake na mjomba wake, wakakuta kazi kubwa imekwisha. Waliunganisha betri, wakatundika ampuli ya taa na swichi yake ya kamba, wakaondoka bila kunywa hata maji. Taa ikawaka. Grâce alipigiwa simu, akashangilia. "Sasa uko sawa, mama. Hauko tena peke yako mu giza."

Rosine alikuwa anatazama mkono wake wa kushoto. Aliamka nao asubuhi ile: uzi mweusi, uleule aliouchoma, umefungwa barabara, fundo liko upande wa chini, pale ambapo mkono mmoja hauwezi kufunga. Hajajaribu kuukata tena. Mashemeji hawajaja mpaka leo.

Mimi huyaona mengine kupitia dirisha lake, maana nyumba zetu zinatazamana. Kila jioni, akishawasha taa na kuketi kitandani, ampuli huyumba. Hakuna upepo, madirisha yamefungwa. Inavutwa mara mbili, kisha inatulia.

Rosine hunyanyua mkono, akashika kamba ya swichi, na kuivuta kidogo, bila kuzima taa. Mara moja.