Tarehe Aliyoichoka Mahbuba

Foleni ya magari mbele ya dirisha la chai ya maziwa pale Al Hail, Maskati, ilikuwa haisogei. Mahbuba, ndani ya abaya nyeusi yenye taraza ya zambarau mikononi, aliteremsha kioo, akaendelea kumsomea dada yake Zakiya maswali ya mtihani kwa sauti.

"Bei ya chai ikipanda, wanunuzi watafanya nini? Watahamia kwenye kahawa, au..."

"Watanung'unika, kisha watainunua vilevile," alijibu mwanamume wa gari la pembeni.

Kanzu yake nyeupe pe, kofia ya viua imelala upande. Harufu ya udi ilimfikia Mahbuba kabla ya tabasamu.

"Jibu lako halimo, kaka."

"Basi mtungaji hajawahi kuishi Maskati."

Zakiya alicheka mpaka akajifunika mtandio. Mwanamume huyo, Aflah, alikuwa mhandisi wa maji. Chai ilipofika alishapata namba ya simu, na alishajua Mahbuba anajiandaa kwa mtihani wa historia na elimu ya jamii. Akifaulu, chuo kitamhesabia masomo hayo kama aliyeyasoma darasani, na shahada ataipata muhula huu. Akifeli, atasubiri.

Walipendana upesi. Aflah alimwita "profesa wangu", naye akaitwa "injinia wa roho". Lakini Mahbuba alimwambia mapema: posa itakuja, ndoa ni baada ya shahada. Mama yake, Bi Mahfudha, alikuwa funzo tosha.

"Mie nliolewa nikasema ntarudi chuoni," mama alizoea kusema. "Hadi leo bado nnarudi."

Wiki ya mtihani, mama yake Aflah alimshikilia mwanawe amwambie siku ya kwenda kuposa. Aflah akapiga simu.

"Profesa, vipi tarehe?"

"Ah, usinitajie, habibi. Nimeichoka. Inanikosesha usingizi."

"Imekuchosha?"

"Ningeweza ningeifuta. Kwani nani anaitaka?"

"Haya. Nimekuelewa." Akakata.

Kwao Mahbuba, watu wa asili ya Unguja, tarehe ni siku na ndiyo historia pia, kama wasemavyo Waarabu. Wazee wa Aflah walitoka Tabora, na kwao tarehe ni siku tu. Mmoja alisema masomo, mwingine akasikia posa imekataliwa.

Tangu hapo Aflah hakupokea simu. Mahbuba alifungua ukurasa uleule wa viwanda vya Uingereza asubuhi na jioni, asiambulie neno. Mchana wa kuamkia mtihani ukaja ujumbe: "Nakuombea ufaulu. Mama nimemwambia asije, kwa kuwa tarehe huitaki."

Aliusoma mara mbili, akapiga. Safari hii Aflah alipokea.

"Tarehe gani hiyo unayoisema?"

"Ya kuja kukuposa."

"Mie nlikuwa nasema Wafaransa na mfalme wao waliyemkata kichwa."

"Mpenzi, hiyo kwetu ni historia."

"Kwenu Tabora. Kiswahili chenyewe kiko Unguja, kaone haya."

"Nimeona."

"Na siku zote hizi umeninunia?"

"Nimenuna kihistoria."

Mahbuba alicheka huku akifuta machozi.

Mtihani ulifanywa kwenye kompyuta, na alama zikatokea kabla hajainuka kitini. Nje jua limeshakuwa kali. Zakiya alikuwa kwenye usukani, Aflah amesimama dirishani. Mahbuba aliingia garini, akavuta mtandio hadi usoni.

"Nimefeli. Kwa kidogo tu, lakini nimefeli."

Maneno yalimjia Aflah mdomoni: tuoane, utasoma ukiwa kwangu. Akamtazama alivyojifunika uso, akayameza.

"Unaurudia lini?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Basi tutangoja."

"Usinionee huruma, Aflah."

"Sikuonei. Niambie palipokushinda, tuanzie hapo."

Simu ililia. Ni Bi Mahfudha.

"Vipi, mwanangu?"

"Nimefeli, mama."

"Pole. Na huyo mhandisi wenu anasemaje? Muoane hivyo hivyo, utarudi baadaye?"

"Hapana, mama. Anauliza tuanzie sura gani."

Zakiya alijifanya anarekebisha kioo. Sauti ya mama ikalainika.

"Mwambie aje ale. Leo nna pweza wa nazi."